Kwa nini wa mwaka wa kwanza hufeli chuoni, na namna ya kuziba nyufa mapema

Mwanafunzi aliyefeli somo lake la kwanza chuo kikuu hulaumu karatasi ya mtihani. Ukikaa naye ukaupekua muhula wake wiki baada ya wiki, utakuta mambo yaliharibika zamani. Alifika wiki ya tatu. Somo moja hakulisajili. Kati ya kwanza, yaani jaribio la ndani ya muhula (CAT), ilimpita kwa sababu hakuwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Maswali ya mazoezi aliyaweka kiporo hadi usiku wa kuamkia mtihani. Mtihani wenyewe ulikuja kuhesabu hasara tu.

Tatizo kubwa la chuo ni ukimya wake. Shule ya upili ina kelele: kengele, prepu, mwalimu wa zamu, orodha ya matokeo ukutani, mzazi kuitwa. Chuoni ukikosa mihadhara wiki mbili hakuna anayepiga simu kwenu Mtwapa wala Msambweni. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 mbele yake hajui kama umo au humo. Kijana aliyezoea kusukumwa huuona ukimya huo akadhani mambo ni shwari.

Mwongozo huu unaufuata muhula kadiri unavyokwenda, kwa anayesoma Mombasa, awe Tudor kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au kwenye tawi la chuo chenye makao kwingine. Kanuni hutofautiana, kwa hivyo kabla ya yote tafuta kanuni za mitihani za chuo chako. Huwa kwenye tovuti au idarani, na ni kurasa chache ambazo wengi huzisoma siku wanayoitwa kujieleza.

Piga hesabu ya alama kwanza

Mpangilio ulioenea katika vyuo vikuu vya Kenya ni huu: kazi za ndani ya muhula, yaani kati pamoja na kazi za kuandika nyumbani, hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Pasi ni 40. Kuanzia 70 ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya hapo umefeli. Masomo yenye maabara au karakana huwa na mgao mwingine. Muulize mhadhiri siku ya kwanza.

Sasa tazama. Mwenye 20 kati ya zile 30 anahitaji 20 tu kwenye mtihani wa alama 70 ili apite, yaani chini ya theluthi. Mwenye 8 anahitaji 32, karibu nusu ya karatasi. Aliyekosa kati na kazi zote anahitaji 40 kati ya 70, asilimia 57, kwenye somo ambalo tayari limemshinda. Karatasi ni ileile kwa wote watatu, lakini mlima wanaoupanda si mmoja. Ndiyo maana mwenye kudharau kati yenye alama 15 kwa kusema "nitazirudisha kwenye mtihani" anajidanganya: alama za mtihani ni ngumu zaidi kuzipata, tena huja wakati masomo saba yanakudai kwa pamoja.

Wiki ya kwanza ni ya makaratasi

Fika siku ya kuripoti. Muhula wenye wiki 14 za mafunzo, ukichelewa wiki tatu umepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano. Vyuo vingi hudai uhudhurie theluthi mbili au robo tatu ya vipindi ndipo uruhusiwe kukalia mtihani. Kwa sheria ya robo tatu, wiki tatu hizo zimemaliza karibu ruhusa yako yote, na homa bado hujaugua. Karo ikiwa ndiyo inayokuzuia, nenda hivyohivyo ukaulize ofisi ya fedha kama kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kukaa nyumbani ukingoja pesa zikamilike hakusaidii, maana darasa halingoji.

Kisha sajili masomo. Kuna watu hudhani kulipa karo ndiko kusajiliwa. Sivyo. Kila muhula unaingia kwenye mfumo wa chuo, unachagua yuniti (ndivyo somo moja linavyoitwa chuoni) moja moja, unathibitisha, halafu unachapisha au unapiga picha ukurasa wa mwisho unaoonyesha kwamba zimepokelewa. Linganisha msimbo wa kila yuniti na ratiba ya kozi yako, herufi kwa herufi. Yuniti mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa za idara mbili tofauti, nawe ukajikuta umesoma hii na kusajili ile. Mwanafunzi wa namna hiyo hufanya mtihani akapasi, kisha jina lake halimo.

Mtafute mwakilishi wa darasa na uingie kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Kipindi kikihamishwa ukumbi, kati ikisogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumatano, habari hupitia huko na pengine haipiti kwingine.

Na kama kozi uliyopangiwa na KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hukuitaka, amua sasa. Madirisha ya uhamisho, la ndani ya chuo na la kwenda chuo kingine, hufunguliwa mapema na hufungwa upesi. Anayeamua kubaki abaki kweli. Kibaya ni kuishi muhula mzima mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Wiki ya pili hadi ya nne: lijue somo litakalokuangusha

Si masomo yote yanayofelisha sawasawa. Stadi za mawasiliano na yale ya jumla huwaangusha wachache, tena wengi wao ni watoro. Wanaozama huzama kwenye kalkulusi, fizikia, kemia, takwimu, uhasibu na uandishi wa programu. Yote haya ni ngazi: ukikosa kipandio cha tatu huwezi kurukia cha sita.

Hapa pana siri inayowapita wengi. Mara nyingi kinachomfelisha mtu si somo jipya, ni pengo la zamani. Chukua swali la kawaida la mwanzo wa kalkulusi: tafuta mteremko wa f(x) = x² kwa njia ya msingi. Unatakiwa utoe x² kwenye (x + h)², ugawanye kwa h, kisha uache h iende sifuri. Mwanafunzi ameelewa hatua zote. Anapofungua mabano anaandika x² + h². Anatoa x², anabaki na h², anagawanya anapata h, h inakwenda sifuri, jibu lake ni 0. Jibu sahihi ni 2x, kwa kuwa (x + h)² ni x² + 2xh + h². Kosa lake ni la kidato cha pili. Akirudia mhadhara wa kalkulusi mara kumi hataliona, kwa sababu haliko huko.

Kwa hivyo fanya hivi mwishoni mwa wiki ya pili. Chukua maswali matano ya kwanza ya mazoezi ya kila somo gumu, yafanye peke yako, daftari limefungwa, kwa saa moja. Kila unapokwama andika pembeni umekwama kwa lipi: neno hulijui, kanuni umeisahau, au hesabu ya chini imekukataa. Zikiwa tatu au zaidi ni hesabu za chini, toa vitabu vyako vya sekondari. Dakika 40 kwa siku kwa wiki mbili zinatosha kurudisha mabano, sehemu, vipeo na logi. Wapo wanaoona haya kuonekana na kitabu cha kidato cha pili maktabani. Basi kifunike kwa gazeti, lakini kisome.

Wa biashara nao wana pengo lao: anayebahatisha upande wa kuingiza muamala atapata mizania isiyolingana kila mara, na kukesha hakutaibadilisha. Afanye miamala 30 mifupi, mmoja mmoja, mpaka mkono uzoee.

Pengo jingine ni la Kiingereza, lugha ya mitihani. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza hujibu swali la kujadili kana kwamba ameambiwa ataje. Swali la kutaja lina alama moja kwa kila hoja, na maneno matano yanatosha. Swali la kueleza linataka hoja pamoja na sababu yake. La kujadili linataka pande mbili na mifano, na la kutathmini linataka mwishowe utoe hukumu. Andika maneno hayo ya amri kwenye karatasi moja, uyajue kwa Kiingereza chake, na kila ukipata karatasi ya zamani yapigie mstari kwanza.

Ratiba ya wiki katika mji wa joto

Masomo saba kwa saa tatu kila moja ni saa 21 za mihadhara. Ongeza saa mbili za kujisomea kwa kila somo, na yale mawili magumu uyape nne nne. Jumla ya kujisomea ni saa 18, na wiki nzima inafika saa 39. Ni kazi ya ofisini ya siku tano, basi. Ajabu ni kwamba wengi hawafikii nusu ya hizo hadi wiki ya kumi, kisha hujaribu kuzilipa zote kwa mkupuo.

Saa za kusoma Mombasa hazilingani. Chumba chenye paa la mabati Kisauni au Mikindani, saa nane mchana wakati wa kaskazi, hakisomeki. Utafungua kitabu, utalala, utaamka umelowa jasho na ukurasa ni uleule. Weka somo gumu kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, kichwa kikiwa chepesi. Mchana baki chuoni: maktaba, ukumbi mtupu, hata kivuli cha mwembe. Kazi ya kunakili na kupanga daftari iache jioni.

Safari nayo ni sehemu ya ratiba. Anayevuka kivuko cha Likoni, au anayekaa Changamwe na kupita Kibarani, asipange kufika saa mbili kamili kwa kipindi cha saa mbili. Aondoke na saa nzima ya ziada siku ya kati. Ukipata nafasi ya kuchagua, chumba kidogo unachoweza kutoka kwa miguu hadi darasani kina faida kuliko kikubwa kilicho mbali.

Ramadhani ikiangukia ndani ya muhula, kama mwaka wa 2025 ilipoanza mwanzoni mwa Machi, ratiba ibadilishwe mapema. Kati ya alasiri na magharibi usipange kitu kizito. Saa mbili baada ya swala ya alfajiri ndizo za dhahabu, na saa moja baada ya tarawehe yatosha kurudia. Anayekesha barazani hadi daku kisha akalala hadi saa nne asubuhi asidai kwamba saumu ndiyo iliyomfelisha.

Kusoma ni kufunga daftari

Kupigia mistari rangi na kusoma slaidi mara ya nne ndiyo njia inayopendwa zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Jicho likizoea maneno, akili hudhani inayajua. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio mwaka wa 2006: kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara mbili, jingine lilisoma mara moja kisha likaandika kila linalokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Mtihani wa chuo huja baada ya wiki nyingi, si dakika tano.

Ukitoka mhadharani, siku hiyohiyo kabla hujalala, chukua karatasi tupu. Andika kwa dakika kumi yote unayokumbuka bila kutazama popote. Fungua daftari, jaza yaliyopungua kwa kalamu nyekundu. Wekundu huo ndio wa kusoma, mengine unayo. Rudia karatasi hiyo baada ya siku tatu na baada ya wiki mbili. Kwa masomo ya hesabu, badala ya kuandika fanya swali lililofanywa darasani ukiwa umelifunika, hadi mwisho, bila kuchungulia jibu katikati.

Kundi la masomo liwe la watu watatu hadi watano. Wakizidi hapo linageuka maskani. Kila mtu aje amekwisha kufanya maswali yake, kisha mmoja aeleze ubaoni huku wengine wakimkatiza. Anayekuja kunakili mpeni onyo moja, na la pili msimpe.

Karatasi za mitihani iliyopita zianze kutumika wiki ya sita. Tafuta za miaka mitatu hadi mitano, maktabani au kwa waliotangulia. Usikariri majibu. Tazama mada ipi haikosekani, na swali la kwanza huchota sehemu zipi.

Pesa

Kamari ya simu nayo hufelisha vijana, na hapa hatutanii. Pesa za kujikimu za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huingia kwa mkupuo, mara nyingine zikiwa zimechelewa, na mtu aliyekuwa akila mbaazi na mahamri ya mkopo anajikuta tajiri kwa siku nne. Zikiingia, lipa kwanza karo iliyobaki na kodi. Kinachobaki gawa kwa wiki 16: shilingi 20,000 ni 1,250 kwa wiki. Ziweke kwenye akaunti isiyotoka kwa kubonyeza simu, jitumie za wiki moja kila Jumatatu. Asiye na nauli hukosa vipindi, na mwenye deni la karo hunyimwa kadi ya mtihani. Njaa huanzia mfukoni ikaishia kwenye karatasi ya majibu.

Anayefanya kibarua, awe na bodaboda au duka la mjomba, aombe zamu za wikendi na apunguze mapema wiki mbili kabla ya mitihani. Ukisubiri wiki yenyewe, mwajiri hatakuelewa.

Ndani ya chumba cha mtihani

Karatasi nyingi za mwaka wa kwanza zina umbo hili: saa mbili, swali la kwanza ni la lazima na lina alama 30, kisha uchague mawili mengine ya alama 20 kila moja. Dakika 120, alama 70. Mpe kila alama dakika moja na nusu: swali la kwanza dakika 45, mengine 30 kila moja, jumla 105. Zinabaki 15. Kumi za mwanzo zitumie kusoma karatasi nzima na kuchagua, tano za mwisho kukagua nambari ya usajili na kurasa.

Dakika zikiisha, hama, hata kama sentensi imekatika. Alama kumi za kwanza za swali jipya ni rahisi kuliko mbili za mwisho za swali unalolipapasa. Wanaofeli kwa 36 au 38 mara nyingi wana swali moja zuri la kurasa nne na jingine tupu kabisa. Usijibu maswali zaidi ya uliyoambiwa ukidhani utapewa bonasi. Kwenye hesabu onyesha kila hatua, kwa kuwa hatua zina alama hata jibu likiwa bovu. Na mwakenya, yaani majibu ya kuibia mtihani, uache nyumbani, wa karatasi na wa simu. Aliyefeli somo hurudia somo. Aliyekamatwa husimamishwa masomo.

Maji yakizidi unga

Ukiugua au ukifiwa wakati wa mitihani, usijikokote hadi chumbani ukaandike kurasa mbili. Ukishakaa, umefanya. Omba mtihani maalumu, ule unaoitwa spesho. Barua ya hospitali yenye muhuri na tarehe, au barua ya chifu kwa msiba, ipelekwe kwa mwenyekiti wa idara kabla ya mtihani, au ndani ya siku chache. Tofauti ni kubwa: spesho huhesabiwa kama mtihani wa kawaida, alama zako za kati zikabaki na A ikawezekana. Sapu, mtihani wa marudio wa waliofeli, katika vyuo vingi hukatwa kwenye 40 hata ukiandika majibu ya 80. Hali ikiwa mbaya muhula mzima, omba kuahirisha masomo kwa maandishi. Kutoweka kimyakimya husomeka kama utoro.

Ukipata sapu, usiisikie kwa wenzako wiki moja kabla. Fuatilia matokeo, jisajili, lipa ada kama ipo, ombi la kuona ulikosea wapi lipeleke idarani mapema. Soma masomo mawili ya sapu kwa wiki sita, si sita kwa wiki mbili, ambayo ndiyo hufanyika kwa wanaoanza kufeli wakinyamaza. Masomo yakizidi idadi fulani kanuni humrudisha mtu mwaka, na yakizidi zaidi humtoa. Idadi hiyo ijue.

Mwisho kuna alama zinazopotea: ulifanya, haionekani. Kinga yake huanza siku ya mtihani. Tia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, hakikisha nambari yako imeandikwa sawa, na kila kati ukirudishiwa ipige picha. Matokeo yakitoka na pengo, usimngoje mhadhiri akutane nawe ngazini. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara yenye jina la yuniti, msimbo, tarehe na ukumbi wa mtihani, uambatanishe picha za kati na ukurasa wa usajili. Toa nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, uondoke nayo.